Taa Nyekundu ya Oili
Wapo madereva wa malori makuukuu yavukayo mpaka wa Tunduma kuingia Zambia ambao, taa nyekundu ya oili iwakapo, husema ni swichi tu iliyokufa. Huenda ikawa kweli, lakini yafaa ieleweke kwamba injini isiyo na presha ya oili hujisaga kwa dakika chache. Kwa hiyo izimwe kwanza, kisha kijiti kitazamwe. Oili ikitosha, waya wa swichi uchomolewe na ufunguo ufunguliwe bila kuwasha injini: taa ikiendelea kuwaka, waya umegusa chuma cha gari. Ikizimika, geji ifungwe mahali pa swichi na injini iwashwe. Presha ikiwa nzuri, swichi ndiyo mbovu, na bei yake si kitu. Ikiwa ndogo, hasa injini ikishapata moto, yaelekea pampu au beringi zimelika, na shehena ya Lusaka haina budi kungoja.