Jino Likivunjika, Usikimbilie Kung'oa

Kila tarehe 9 Februari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Apolonia, shahidi wa Aleksandria, ambaye watesi wake walimvunja meno kabla hajafa mwaka 249. Wanaoumwa meno humwomba awaombee. Nasi tumeona vema tuzungumzie meno yaliyovunjika, kwa sababu katika parokia zetu za Kolandoto na Mwadui, na kwa jirani zetu wa machimbo ya Geita, wengi bado wanaamini kwamba jino la namna hiyo halina dawa ila koleo. Sivyo.

Mengine huvunjika kwa ajali: mtoto ameanguka kutoka mwembeni, baba ameanguka na baiskeli au bodaboda, mchimbaji amepigwa na mtaimbo shimoni. Mengine huvunjikia mezani, kwa mfupa au jiwe ndani ya wali. Mpunga wetu huanikwa chini, kwa hiyo mchele uchambuliwe mchana penye mwanga. Vijana nao hufungua soda kwa meno, kana kwamba jino ni kifungulio. Wapo pia wanaovunjwa meno kwa kipigo nyumbani. Hiyo si ajali, na daktari aambiwe ukweli.

Lakini jino lililokwisha kutoboka huvunjika hata kwa ugali. Hapo kosa si la ugali.

Tena kuna jambo la maji. Baadhi ya visima vya mkoa wa Shinyanga, hasa upande wa Kishapu, vina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto akikua kwa maji hayo kabla ya kutimiza miaka 8, meno yake ya ukubwani huota na madoa meupe au ya kahawia, na hali ikiwa mbaya humomonyoka na kumegeka. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi floraidi. Wenye bomba la Ziwa Victoria, ambalo maji yake yalifika Shinyanga mwaka 2009, wawape watoto maji hayo. Wengine wakinge ya mvua.

Matibabu hutegemea jino limevunjika kiasi gani. Likimegeka gamba la nje tu, daktari husawazisha ncha kali isikate ulimi, basi. Kama maji baridi au chai ya moto inachoma, tabaka la ndani limefunguka, nalo huzibwa. Ukiona nukta nyekundu au damu katikati ya jino, kiini chenye mishipa ya fahamu kiko wazi. Nenda siku hiyo hiyo au kesho yake. Hata hapo si lazima kung'oa: mzizi unaweza kusafishwa na kuzibwa, jino likavishwa kofia. Tuseme kweli, kazi hiyo ni ghali kuliko kung'oa na haifanyiki kila zahanati. Ulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando kule Mwanza. Jino lililopasuka mpaka ndani kabisa ya mzizi ndilo mara nyingi hung'olewa.

Wakati wa kungoja, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, umeze parasetamo. Usiweke aspirini wala ugoro kwenye fizi. Vinaunguza nyama ya mdomo.

Sasa jambo ambalo kila mzazi alishike. Jino la ukubwani likitoka lote na mzizi wake, usilitupe! Linaweza kurudishwa likashika. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua. Kama mtoto ametulia, lirudishe kwenye tundu lake mara moja, aume kitambaa safi, mwende hospitali. Ukishindwa, litie katika kikombe cha maziwa yasiyo na sukari, wala si mtindi. Usukumani maziwa hayakosekani. Usilifunge kwenye karatasi wala kulihifadhi katika maji. Likikaa kavu, baada ya nusu saa uhai wa mzizi huanza kupotea, na baada ya saa moja tumaini ni dogo. Daktari atalifunga na meno jirani kwa waya kwa wiki mbili hivi. Ulizeni pia sindano ya pepopunda.

Jino la utotoni halirudishwi, maana litaumiza linaloota chini yake. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kuota kwenye miaka 6 au 7, basi mtoto wa miaka 4 aonwe na daktari tu.

Mtoto aliyezimia au kutapika baada ya kuanguka, au ambaye meno ya juu na ya chini hayakutani tena, apelekwe haraka. Kichwa na taya vitazamwe kwanza.

Jino lililogongwa likaonekana zima nalo liangaliwe kwa miezi kadhaa. Likianza kuwa jeusi, au kipele cha usaha kikitokea kwenye fizi, mrudisheni mtoto kwa daktari hata kama hasikii maumivu.