Pemba imeshawaona wafadhili wakiondoka

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Kabla siku hizo hazijaisha, mikataba mingi ilikuwa imeshavunjwa, na Julai mosi shirika la misaada lenyewe, USAID, likafungwa. Uingereza nayo ikatangaza kwamba ifikapo 2027 itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3. Mwenye jumuiya inayoishi kwa mradi mmoja mmoja hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Lakini Mpemba mwenye umri wa kukumbuka uchaguzi wa Oktoba 1995 ameshayapitia haya. Matokeo yalibishaniwa, na nchi wafadhili zikaikatia misaada Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Yakaja mauaji ya waandamanaji ya Januari 26 na 27, 2001, na zaidi ya watu elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mlango wa misaada ulianza kufunguliwa tena baada ya vyama vya CCM na CUF kutia saini makubaliano ya Muafaka, Oktoba 10, 2001.

Hapa pana jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Taasisi mbili ambazo Pemba inajivunia mpaka leo zilizaliwa katika miaka hiyohiyo ya ukata. Mei 1998 Misali, kisiwa cha wavuvi upande wa magharibi, kilitangazwa eneo la hifadhi, na wavuvi wenyewe wakawa na jumuiya yao, MICA, yenye kauli katika uendeshaji wake. Wakaletwa mpaka wanazuoni, kuwaeleza wavuvi kwa aya za Kurani kwa nini kupiga baruti baharini ni dhulma. Kwa mvuvi wa Pemba hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko faini.

Ya pili ni Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Juni 2000 pale Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, na mfuko wa Kiitaliano ulioungana na Wizara ya Afya. Kazi yake kubwa ni kichocho na minyoo, na si kazi ya kupigiwa picha. Mwanafunzi anapewa kikombe, anarudi na mkojo wake, fundi anachuja mililita kumi na kuweka kichujio chini ya hadubini, kisha anahesabu mayai. Yakifika hamsini, maambukizi ni makali. Utafiti uliofanyika Pemba umesaidia dunia kujua namna ya kuwapa dawa ya minyoo watoto wa skuli.

Tofauti ya safari hii lazima isemwe. Wakati ule kilichofungwa ni mkono wa serikali kwa serikali. Jumuiya na mifuko binafsi ilipata upenyo. Sasa upenyo huo nao umebanwa. Ndiyo maana swali ni kipi kinabaki gari la mradi likishaondoka. Mara nyingine hubaki bango lililopauka barabarani na kumbukumbu ya posho za semina.

Mara nyingine hubaki sanduku. Utaratibu wa kuweka na kukopa uliletwa Zanzibar na shirika la CARE, na Pemba ukapata mwavuli wa vikundi vyake, PESACA. Wanachama, wengi wao wanawake, hukaa duara kila wiki na kununua hisa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zake wamekabidhiwa watu watatu, na mweka sanduku hana hata mmoja. Mwisho wa mzunguko wanagawana walichoweka pamoja na faida ya mikopo. Humo hamna hata senti ya mfadhili, kwa hiyo amri ya Washington haina cha kusimamisha.

Katika kisiwa kidogo cha Kokota, karibu na Wete, imebaki miti. Awali ilikuwa imekatwa karibu yote, na maji yakiletwa kwa chombo. Jumuiya ya Community Forests Pemba, pamoja na wenzake wa Kanada, ilipanda miti na kuweka matangi ya kuvuna mvua. Mche ukishashika mizizi hauulizi bajeti.

Nisije nikaonekana napaka rangi. Maambukizi ya malaria Zanzibar yameshuka chini ya asilimia moja kwa vyandarua na dawa ya kupuliza ukutani, na tangu katikati ya miaka ya 2000 sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na Marekani. Hakuna kikundi cha hisa kitakachopulizia nyumba za kisiwa kizima. Hilo ni deni la serikali, na kuwasifu akinamama kwa ustahimilivu wao kusiwe njia ya kulikwepa.

Mahali ninapoona mambo yakisogea kweli ni kwenye pweza. Kwa msaada wa Mwambao, mtandao wa jamii za pwani, wanakijiji wa Kisiwa Panza na kwengineko hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi. Pweza hukua upesi ajabu. Aliyeachwa mdogo anatoka na uzito wa maana. Siku ya kufungua hungojewa bamvua, maji yakupwe sana, na watu wanashuka na vijiti vyao kuchokoa mashimoni huku wanunuzi wakisubiri na mizani ufukweni. Mwambao huweka pia fedha katika mfuko wa kikundi, na anayekopa anafungwa na sharti la kuhifadhi.

Penye udhaifu ni doria. Mwamba uliofungwa huibiwa usiku, na kamati ya uvuvi ya shehia haiwezi kulinda bila boti na petroli, ambayo mara nyingi imenunuliwa na mradi. Mimi ningeanza na mnunuzi: kila kilo inayopimwa siku ya kufungua akatwe kiasi kidogo, kiingie kwenye sanduku la kamati, na hesabu isomwe mbele ya watu palepale ufukweni. Pweza huyo anakwenda kuuzwa ghali kwenye hoteli za Unguja. Bei yake inatosha kubeba petroli ya waliomlinda.