Kipanya kikikorofisha kwenye Linux, usikimbilie dukani

Kuna ndugu zetu wa Pwani wanaofanya kazi bara, hata Nyamarambe. Huko kipanya kikileta ukorofi, kwenda Kisii mjini kununua kingine ni nauli.

Kwanza kichomeke kwenye kompyuta nyingine. Kikisumbua huko pia, ubovu ni wake: futa vumbi kwenye jicho la chini, na usikitumie juu ya kioo. Kikitulia, badilisha tundu la USB.

Ukibofya mara moja kikahesabu mbili, fomu yaweza kutumwa kabla hujaikagua. Sakinisha evtest, andika "sudo evtest" kwenye terminali, chagua namba ya kipanya, ubofye mara moja. Baada ya hapo BTN_LEFT itokee mara mbili tu: kubonyeza na kuachia. Ikizidi, swichi imechakaa. Sasa toa nauli.