Homoni ya Mafuta na Makovu ya Ini

Ini lijeruhiwapo mara kwa mara na pombe, virusi au mafuta yaliyozidi, seli zake zenye umbo la nyota huamka na kutoa nyuzi za kolajini. Nyuzi hizo ndizo makovu. Yakitanda, damu hupita kwa shida na ini hushindwa na kazi yake.

Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walieleza juu ya adiponektini, homoni itolewayo na tishu za mafuta. Mwaka 2003 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya wasio na homoni hiyo, walipopewa sumu ya ini, walipata makovu mengi kuliko wenzao. Walipoongezewa, makovu yalipungua. Homoni hiyo huzituliza seli za nyota. Ajabu ni kwamba mtu azidipo kunenepa, homoni hiyo hupungua katika damu yake.

Molekuli yake ni kubwa na ngumu kutengenezwa. Kwa hiyo watafiti wameunda vipande vifupi viigavyo kazi yake, navyo vimepunguza makovu katika panya. Kwa binadamu, dawa hiyo haijapatikana. Lakini anenepaye kupita kiasi akipungua uzito, mwili wake humwongezea homoni hiyo.