Bunduki Ikikataa Kulia
Bunduki ya M1, aliyoibuni John Garand katika karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, Massachusetts, na ambayo jeshi la Marekani liliikubali mwaka 1936, ingali mikononi mwa raia wengi wa nchi ile wapendao mashindano ya shabaha, wala mafundi wa huko hawaishi kuletewa zenye maradhi mawili: ile inayogoma kulia kabisa, na ile inayolia mara mbili kwa kuvutwa mara moja. Wenyewe huyadhani ni maradhi mbalimbali. Lakini fundi mwenye maarifa huyatilia shaka kuwa ni ndugu, kwa sababu kamani inayoirusha nyundo mbele ndiyo hiyo hiyo inayokirejesha kifyatulio mahali pake.

Risasi ikikataa, la kwanza ni subira: kasiba ielekezwe pasipo na mtu kwa muda wa nusu dakika, kwani baruti huweza kuchelewa kushika moto. Kisha risasi itolewe, isomwe. Alama iliyozama barabara katikati ya fataki huibebesha lawama risasi yenyewe, ambayo huenda iliingiwa na unyevu ghalani. Alama ikiwa hafifu, watu hukimbilia kununua kamani mpya, nami huona ni haraka isiyo na faida, kwa kuwa boliti ya bunduki hii haina budi kuzunguka mpaka ndimi zake mbili zikae sawasawa katika vikao vyake, na ikibakia hata kidogo haijafika, nyundo humaliza nguvu zake katika kuisukuma izunguke, pini isipate ila mabaki. Kwa hiyo chemba isafishwe kwanza, na grisi kuukuu iliyoganda ipanguswe. Kazi hiyo haigharimu kitu. (Kidoa chembamba mno juu ya risasi iliyotolewa bila kupigwa si aibu: pini haikuzuiwa na kamani yoyote, basi boliti ifungapo kwa kishindo huigusa fataki kidogo.)

Ama ile inayolia mara mbili ni jambo la hatari, na mwenyewe aache kuipiga siku hiyo hiyo. Nyundo hushikwa na kulabu kwa zamu: ya nyuma huinasa wakati kidole kingali kimevuta, na kidole kikiachia huipokea zile za mbele, zilizo sehemu ya kifyatulio. Jaribio lake ni jepesi. Bunduki ikiisha kuhakikishwa kuwa tupu, kifyatulio kivutwe na kushikiliwa, boliti irudishwe nyuma na kuachiwa polepole, halafu kidole kiachie taratibu. Nyundo ikianguka badala ya kupokewa, kulabu zimelika, au kuna mtu aliyezipiga tupa.

Na tupa hiyo, pamoja na koleo inayokata pingili za kamani, aghalabu ndiyo asili ya maradhi yote mawili, kwa tamaa ya kifyatulio chepesi. Ilhali shirika la CMP, liwauziao raia bunduki hizi, hutaka katika mashindano yake kifyatulio kihimili uzito wa ratili 4.5. Kamani iliyokatwa hainyoshwi ikarudia nguvu zake; hutupwa, ikatiwa nyingine, na kulabu zilizopigwa tupa hubadilishwa pamoja nayo.