Mashine ya CNC Macalder: Pesa Ziende Kwenye Chuma na Reli

Mafundi wa kuchomelea wa Macalder wamezoea kazi nzito. Mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu hutikisa kila kilichoishikilia, na fremu ikipasuka ni wao wanaoitwa. Kwa seremala anayetaka kujiundia mashine ya CNC ya kuchonga mbao, ujuzi huo ulio mtaani ni mtaji mkubwa kuliko mota yoyote ya kuagiza.

Tuanze na zinazouzwa tayari. Mashine ndogo ya 3018 huchonga eneo la milimita 300 kwa 180 tu. Inafaa kujifunzia na kuandika majina kwenye vibao, ila kichwa cha kitanda hakiiingii. Ile ya kiwandani ya 1325 ina meza ya milimita 1300 kwa 2500 na hupokea ubao mzima wa MDF wa futi 4 kwa 8, lakini nyingi hutaka stima ya fezi tatu, na bei yake ni ya kuomba mkopo. Bila wateja wa kila siku, deni litakushinda.

Mimi ningeunda yangu, yenye upana wa kuchonga milimita 600 na iliyo wazi mbele na nyuma ili mbao ndefu zipitishwe kwa awamu. Paneli za milango zinatosha humo, na kichwa cha kitanda kitachongwa vipande kisha kiunganishwe. Usishawishike kuipanua. Daraja linalobeba kifaa cha kukatia likirefushwa mara mbili kwa chuma kilekile, hupinda mara nane zaidi kwa nguvu ileile.

Nikipanga bajeti ya shilingi 100,000, ningetenga 40,000 za reli na skrubu, 20,000 za chuma na kuchomelea, 25,000 za mota za stepa, draiva na pawa saplai, 10,000 za ruta ya mkono, na zinazobaki za swichi, waya na biti. Ukiagiza reli kutoka China, kumbuka ni mzigo mzito. Bei unayoiona mtandaoni bado haijabeba usafiri, VAT ya asilimia 16 wala ada nyingine za forodha.

Kwenye fremu ndipo penye faida yetu. Ulaya na Marekani wanaojiundia nyumbani hupenda alumini kwa kuwa hufungwa kwa bolti tu, lakini chuma hukataa kupinda karibu mara tatu kuliko alumini ya umbo lilelile. Kwa daraja, chagua bomba la milimita 100 kwa 50, upande mrefu uelekee kule biti inakosukuma. Likiwekwa hivyo huwa gumu zaidi ya mara tano kuliko la 50 kwa 50 lenye unene uleule. Adui ni joto la kuchomelea, linalosokota fremu. Mwambie fundi achome vipande vifupi, akihama pembe hadi pembe. Kisha vuta nyuzi mbili za nailoni za kuvulia samaki kutoka pembe hadi pembe, zikatane katikati. Zinapaswa kugusana kidogo tu, hata ukibadilisha ulio juu ukawa chini. Zikiachana au zikisukumana, fremu imesokotwa. Reli zifungwe kwa bolti, na palipobonyea tia vipande vya kopo la soda.

Kwa fremu ya kuchomelewa ningechukua reli za mviringo zenye tako, SBR16 au SBR20. Za mraba ni imara zaidi, ila hudai uso ulionyooshwa kwa mashine. Kwenye skrubu, fimbo ya nati ya M12 ya dukani inavutia kwa bei, lakini husogea milimita 1.75 kwa mzunguko na hulegea upesi. Skrubu ya gololi ya 1605 husogea milimita 5. Mota ikizunguka mara 600 kwa dakika, hiyo ni milimita 3,000 dhidi ya 1,050. Siku nzima ya kazi, tofauti hiyo ni vitanda.

Elektroniki isikusumbue. Arduino Uno yenye programu ya GRBL, ambayo ni ya bure, na laptopu kuukuu vinatosha. Ruta kama Makita RT0700C ya wati 710 hutumia soketi ya kawaida, na ndiyo ningeanza nayo kabla ya kufikiria mota ya kilowati 2.2 na invata yake.

Macalder ina vumbi la mawe yenye kwazi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Likiingia kwenye beringi za reli, huzila kama msasa. Kodisha chumba mbali na mitambo ya kusaga, funika reli, na uvae barakoa unapokata MDF. Stima nayo hupotea katikati ya kazi, na mota za stepa hazikumbuki zilipoishia. Funga swichi za kikomo tangu mwanzo, ili mashine irudi sifuri yake na kumalizia ubao uleule wa mvule.