Kioo Kinacholia Kama Chungu Kizima

Anayejua kununua chungu hakitazami tu. Hukigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kizima hulia kwa muda. Chenye ufa hunyamaza papo hapo. Wanaosaka mawimbi ya mvutano, yale yatokanayo na mashimo meusi yanapogongana huko mbali, huchagua vioo vyao kwa kipimo hichohicho.

Sababu ya kuchagua hivyo ni joto. Atomu za kitu chenye joto hazitulii, hivyo uso wa kioo hutetemeka hata asipokigusa mtu. Nyumbani hatujali. Lakini wimbi lililonaswa na LIGO, kituo cha kusaka mawimbi hayo kilichoko Marekani, tarehe 14 Septemba 2015 lilibadili urefu wa mkono wake wa kilomita 4, ambamo leza huenda na kurudi kati ya vioo, kwa kiasi ambacho ni kidogo kuliko protoni kwa mamia ya mara. Hapo mtetemo wa atomu ni kelele kama ya sokoni.

Kioo kinacholia vizuri hukusanya karibu mtetemo wake wote kwenye mlio wake mmoja, na kwingine kukawa kimya. Watafiti husikiliza kwenye ukimya huo. Kibovu humwaga kelele kila mahali.

KAGRA ya Japani, kituo cha aina hiyohiyo kilichochimbwa ndani ya mlima huko Kamioka, ina vioo vya yakuti samawi, kila kimoja takriban kilo 23, vilivyosanifiwa kupozwa hadi kelvini 20, yaani nyuzi 253 chini ya sifuri. Msomaji atadhani baridi hiyo inamaliza kazi. Haimalizi. Kwa kelvini, joto limepungua karibu mara 15 kutoka lile la kawaida, lakini mtetemo hufuata kipeuo cha pili cha joto, kwa hiyo wenyewe hupungua kama mara 4 tu. Faida nyingine huletwa na yakuti yenyewe, ambayo ikipoa hulia vizuri zaidi. Silika, ambayo LIGO huitumia kwa vioo vyake katika joto la kawaida, ni kinyume chake: ukiipoza sana inageuka chungu chenye ufa.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kukifikishia kioo baridi bila kukitikisa. Kimening'inia ndani ya ombwe, hakuna hewa ya kubeba joto, na leza inakipasha bila kupumzika. Njia ya joto kutoka ni vijiti vinne vya yakuti vinavyokishikilia, kila kimoja kipenyo cha milimita 1.6. Ukivinenepesha, joto hupita upesi lakini na kelele ya vijiti hupanda; ukivikondesha, kioo hakipoi. Juu ya vijiti hivyo joto hubebwa na nyaya za alumini safi, nyembamba na zilizosukwa ili ziwe laini, hadi kwenye mashine ya kupozea. Mashine hiyo nayo hudunda kama moyo, na mdundo wake husafiri kwenye nyaya zilezile, ukielekea kwenye kioo. Ikabidi nyaya zipitishwe kwanza kwenye kifaa chenye springi kinachoumeza mdundo.

Kisha kuna barafu. Hata ombwe zuri lina masalia ya mvuke wa maji, na mvuke hupenda kuganda kwenye kitu baridi. Utando unaojengeka juu ya kioo ni mwembamba mno kuonekana kwa jicho, ila unatosha kubadili jinsi kinavyoakisi leza. Ukizidi, hakuna kukipangusa kwa kitambaa: kioo hupashwa moto hadi maji yaondoke, halafu kazi ya kukipoza inaanza upya.